Visukuku vya Pwani visisagwe kabla havijachunguzwa

Abiria anayetoka Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara, hata kabla ya kuipita Mariakani, huwa amepita juu ya historia ya zaidi ya miaka milioni 200. Wengi wetu hatuna habari.

Kisiwani na Nyali, chini ni matumbawe yaliyoota yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Ukivuka kwenda Changamwe na Miritini unakuta mwamba laini wa udongo uliogandamana, na ndani yake mna visukuku vya amonaiti. Ukifika Mazeras viumbe wa bahari wametoweka. Badala yao kuna mawe ya mchanga yenye vipande vya miti iliyogeuka jiwe.

Mpangilio huo haukuja kwa bahati. Amonaiti alikuwa jamaa wa pweza na ngisi, mwenye gamba lililojiviringa kama pembe ya kondoo dume, na hakuishi mtoni wala nchi kavu. Anapopatikana, hapo palikuwa bahari. Mazeras ilikuwa nchi kavu, sehemu ya bara kubwa la Gondwana, wakati Madagaska na India zilipokuwa zimeshikamana na Afrika. Kisha ardhi ikapasuka na maji yakaingia. Mawe ya chokaa ya Kambe na Chasimba, kule Kilifi, yaliundwa katika bahari changa, ya maji machache, karibu miaka milioni 168 iliyopita. Mwamba wa Miritini ni wa baadaye, bahari ilipokuwa imeongezeka kina.

Mwaka 1877 Beyrich, mtaalamu wa Ujerumani, alichapisha maelezo ya amonaiti wa Mombasa. Wataalamu waliomfuata wamewalinganisha na wale wa Kachchh, Gujarat, na wa Madagaska, wakakuta wengi ni wa jamii moja. Maana yake ni kwamba pwani hizo tatu zilizunguka mkono mmoja wa bahari. Tumezoea kuhadithiana jinsi majahazi ya Kachchh yalivyofika Mombasa. Kumbe amonaiti waliyatangulia kwa miaka milioni 150 hivi, wala hawakungoja kaskazi.

Mawe yanayotunza ushahidi huu ndiyo yanayochimbwa kwa saruji, kokoto na kifusi cha barabara. Mimi sipingi saruji. Watu wanahitaji nyumba na vijana wanahitaji kazi. Isitoshe, tingatinga ndilo hufichua visukuku ambavyo vingebaki vimefukiwa. Ninacholalamikia ni kuwa siku chache baada ya kufichuliwa huwa vimesagwa, au vimeokotwa na mpita njia. Na kisukuku kilichookotwa bila kuandikwa kilitoka tabaka gani hakiwezi tena kumwambia mtaalamu bahari iliingia lini. Kinabaki pambo la mezani.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha aina hii atoe taarifa. Lakini mchimbaji atatoaje taarifa ya kitu asichokijua? Mtoto wa Changamwe hufundishwa kuhusu mifupa ya Turkana, na ni vyema, ila hajui kilichomo kwenye mwamba ulio chini ya shule yake.

Serikali inapotoa leseni ya machimbo kwenye mwamba huu, iweke sharti kwamba mtaalamu wa visukuku aruhusiwe kuingia kila ukuta mpya unapofunguliwa, apige picha, aandike tabaka na kuchukua sampuli. Kazi hiyo haihitaji kusimamisha mitambo. Nazo kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zianze sasa kwa kubandika picha za amonaiti katika ofisi za machimbo, pamoja na nambari ya simu ya makavazi ya Fort Jesus.