Nkungu, Tusilipwe kwa Peremende



Juzi, katikati ya kipindi cha hisabati, watoto wa shule moja hapa kwetu Nkungu walitolewa darasani wakaimbe mbele ya watalii waliokuwa wanatoka kuangalia sokwe katika msitu wa Cyamudongo. Wageni wakapiga picha, wakagawa peremende na kalamu, wakaondoka. Watoto wakarudi kwenye darasa ambalo upepo uling'oa mabati ya upande mmoja. Mvua ikinyesha, wanabanana kwenye kona iliyo kavu, madaftari wameyaficha ndani ya sweta.

Sababu za utalii kutotunufaisha tunazijua: hoteli ziko kwingine, chakula cha wageni kinanunuliwa mbali, malipo ya safari yanaishia Kigali. Lakini mgeni hakuwapanga watoto wale mstari. Aliyewapanga ni mwenzetu, na waliopiga makofi ni majirani zetu. Hii ni aibu, na lazima ikome.

Msitu wa Cyamudongo ni sehemu ya Nyungwe, hifadhi iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023. Tangu 2005 serikali ya Rwanda inazigawia jamii zinazopakana na hifadhi mapato ya utalii: kwanza 5%, na kuanzia 2017, 10%. Hiyo ni haki yetu, si sadaka. Kule Kinigi wakazi waliunda chama chao, SACOLA, na leo hoteli ya Sabyinyo Silverback Lodge ni mali ya jamii. Wao wana gorila, sisi tuna sokwe. Walichotuzidi ni kuungana.

Basi tuanze. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya kazi ya pamoja ya umuganda, mtu asikimbilie nyumbani. Tuchague kamati, wanawake wawemo. Iandike mahitaji yetu: mabati ya shule, bima ya afya ya wazee wasiojiweza. Orodha ibandikwe kwenye ofisi ya tarafa. Mgeni akitaka kusaidia, aoneshwe orodha hiyo na akaunti ya pamoja kwenye ushirika wa akiba na mikopo, Umurenge SACCO, na kila mwezi hesabu isomwe hadharani, hadi faranga ya mwisho. Kamati hiyo hiyo iulize wilayani: mgao wa hifadhi umejenga nini Nkungu?

Walimu, kengele peke yake ndiyo iwatoe watoto darasani. Akina mama wenye mayai, asali na viazi, jiungeni muuze hotelini kwa sauti moja. Vijana, jifunzeni kazi ya kuongoza wageni.

Nanyi wenye hoteli na kampuni za safari, tunawasihi: nunueni kwetu, ajirini watoto wetu, na msaada wenu upitie mlango mmoja ulio wazi.

Wazazi wa Nkungu, msitu tunautunza sisi, na mazao yetu ndiyo yanayoliwa na wanyama wake. Tusikubali tena jasho hilo lilipwe kwa peremende. Jumamosi hiyo njooni wote, mje na wenzenu, na tusitawanyike kabla kamati haijapatikana!