Dereva wa mtandao akipata ajali, nani anabeba gharama?

Ukienda Dar es Salaam leo, si lazima usimame kijiweni kupatana nauli. Unabonyeza simu, pikipiki, bajaji au teksi inakuja, na bei imeshaandikwa. Vijana wengi waliotoka vijijini wanaishi kwa kazi hiyo, na huenda wewe unayesoma hapa una mtu wako huko barabarani.

Kampuni kama Bolt hazimwiti dereva mfanyakazi. Kwenye masharti anayoyakubali kwa kubonyeza, yeye amejiajiri, anatumia tu mtandao wao kupata abiria. Neno hilo lina gharama. Aliyejiajiri hana likizo ya malipo, halipwi akiugua, na hakuna mwajiri wa kumchangia NSSF. Akivunjika mguu kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) haumfikii, kwa sababu mfuko huo unachangiwa na waajiri. Mafuta, matengenezo na hesabu ya mwenye chombo vinabaki juu yake, hata akiwa kitandani.

Mvutano uliosikika zaidi nchini ulikuwa wa kamisheni. Mwaka 2022 LATRA iliweka ukomo wa asilimia 15 ya nauli. Uber ikasimamisha huduma Aprili mwaka huo, ikarejea mwanzoni mwa 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Kwa safari ya shilingi 4,000, makato yanayoruhusiwa yalitoka 600 hadi 1,000. Si kidogo kwa anayekesha barabarani. Lakini hata yangebaki 600, swali la ajali lisingejibiwa.

Uingereza suala la nani ni mfanyakazi lilifika Mahakama ya Juu. Februari 19, 2021 majaji waliamua kwa kauli moja kwamba madereva wa Uber waliofungua shauri ni wafanyakazi wanaostahili kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Majaji waliangalia nani anapanga nauli, nani anaandika masharti, na dereva anafanywa nini akikataa safari mara kwa mara.

Kwetu, kipimo kinachofanana na hicho kipo tangu 2004. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinasema anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, vyovyote mkataba ulivyoandikwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Inatosha iwepo hata dalili moja kati ya zilizotajwa: kwa mfano anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anamtegemea huyo mwingine kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Madereva wengi wa mtandao humaliza saa hizo ndani ya wiki moja.

Kampuni zina jibu: dereva huwasha na kuzima simu atakavyo, na wengi wana programu mbili au tatu. Hoja hiyo si nyepesi, na wapo madereva wasiotaka kabisa kuwa chini ya bosi. Ila anayeona sheria inamhusu asifute kumbukumbu za safari, makato na ujumbe wa kufungiwa akaunti. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30.