Barua pepe zako zinakaa kwa nani?

Kama ulinunua kipakatalishi cha mitumba pale Luthuli Avenue miaka kadhaa iliyopita, kuna uwezekano mkubwa kilikuja na Windows 10, na ndani yake kijiprogramu kinachoitwa Mail, chenye picha ya bahasha. Microsoft ilikizika kijiprogramu hicho Desemba 31, 2024. Oktoba 14, 2025 ikafika zamu ya Windows 10 yenyewe kukatiwa usaidizi wa kawaida. Wengi hawakushtuka kwa sababu hata hawakuwahi kuifungua ile bahasha. Sisi ni watu wa Gmail kwa kivinjari ama kwa simu, na maisha yanasonga.

Lakini hebu tuulizane. Barua pepe ya kijana wa Nairobi, Nakuru ama Kisumu siku hizi si ya salamu. Salamu ziko WhatsApp. Kwenye barua pepe ndiko kuna cheti cha PIN ya KRA, mambo ya HELB, taarifa ya M-Pesa uliyoitisha ukitafuta mkopo, barua ya kuitwa kazini, na makubaliano na yule mteja wa ng'ambo anayekulipa kwa uandishi. Laini ya simu ikipotea, unaingia dukani na kitambulisho na unatoka na nambari yako ile ile. Akaunti ya barua pepe ya bure ikipotea, utaenda duka gani? Hakuna kaunta, hakuna foleni, hakuna hata askari wa mlangoni wa kumlilia. Unajaza fomu, na mashine ikiamua wewe si wewe, mambo yameisha.

Na si lazima uibiwe. Google ina utaratibu, ulioanza kutekelezwa Desemba 2023, kwamba akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa na vyote vilivyomo. Kisha kuna ile nafasi ya bure ya GB 15. Watu hudhani ni ya barua pekee, kumbe barua, Drive na Photos zinagawana sahani moja, na tangu Juni 1, 2021 kila picha mpya unayohifadhi Photos inakula kutoka humo. Video za harusi ya binamu zikijaza sahani, barua haziingii tena. Mwajiri anakuandikia, ujumbe unamrudia, anampigia mtu wa pili kwenye orodha. Wewe uko nyumbani unalaani ukosefu wa kazi.

Kwa hivyo namna unavyopokea barua kwenye kompyuta ya nyumbani si jambo la mafundi tu. Kivinjari kina raha yake: huweki programu yoyote, unaingia hata ukiwa saiba, na mashine ikiharibika hujapoteza kitu. Shida ni kwamba kila kitu kiko kwa mwenyewe, wewe unachungulia tu dirishani. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Afrika Mashariki ilihangaika na intaneti ya kukokota. Siku kama hiyo, kupata barua ya mwaka jana ni kusubiri kiduara kikizunguka. Chrome ina hali ya kusoma Gmail nje ya mtandao, lakini inabeba barua za siku 90 za mwisho, si zaidi.

Njia nyingine ni programu inayoleta barua hadi kwenye diski yako. Ninayoipenda ni Thunderbird, ya bure, ya watu wa Mozilla, iliyoko tangu 2004. Ukiiweka utakutana na herufi ambazo huwafanya watu wafunge kila kitu na kurudi kwa kivinjari: POP na IMAP. Usiogope. POP ni kama kwenda posta na gunia: unachukua barua zote unakuja nazo nyumbani, na kulingana na mipangilio, sanduku la kule linabaki tupu. Ilibuniwa miaka ya themanini, wakati mtu alikuwa na kompyuta moja, akiwa nayo. IMAP ni kioo. Ukisoma barua kwa kompyuta, simu inajua umesoma. Ukifuta huku, kule pia imefutika.

Hapo kwa kufuta ndipo watu huchomeka. Wanaweka IMAP, wanaona barua zote ziko kwa mashine, wanasema sasa nina nakala. Nakala gani? Mtu akivamia akaunti yako na kufagia kila kitu, kioo nacho kitaonyesha chumba kitupu. Ukitaka nakala ya kweli, ndani ya Thunderbird kuna folda zinazokaa kwenye kompyuta pekee, zisizofungamana na akaunti yoyote. Nakili humo zile barua zenye uzito. Ama tumia Takeout ya Google upakue mzigo wote mara moja, uweke kwa diski ya nje.

Nalisema hili nikiwa na kinyongo kidogo. Chuo nilichoachia njiani kilikuwa kimetupa anwani za barua pepe, na tuliambiwa tuzitumie kwa kila kitu. Karo ilipokatika, anwani nayo ikakatika bila onyo, pamoja na mawasiliano ya watu walionipa vibarua vya kwanza. Ukiwa bado chuoni, anza kuhamisha sasa, kabla ya kugraduate ama kabla ya mambo mengine.

Sasa turudi kwa ile bahasha. Ukiibonyeza leo, Microsoft wanakusukuma kwa Outlook mpya. Ni ya bure, inapendeza, ina matangazo. Lakini ukiunganisha Gmail yako humo, nakala za barua zako zinapelekwa kwa seva za Microsoft, na wenyewe wameeleza hivyo kwenye maelezo yao. Yaani ulikuwa na mwenye nyumba mmoja, sasa unao wawili. Kuna watu hilo haliwasumbui. Mimi linanisumbua, hasa nikikumbuka kuwa mtu alikuwa anataka tu kusoma barua.

Kwa mtu wa bando, tahadhari moja. Thunderbird ikiunganishwa kwa IMAP mara ya kwanza hutaka kuteremsha kila kitu, na kama una barua za miaka kumi, hiyo ni GB kadhaa. Ingia kwenye mipangilio uiambie ilete za siku 30 za mwisho tu, kisha siku ukipata Wi-Fi ya mtu uachilie zingine. Pia ukikuta maelezo ya zamani yanayokuambia uruhusu programu zisizo salama upande wa Google, achana nayo. Mlango huo ulifungwa kwa akaunti za kawaida mwaka 2022, na sasa Thunderbird hukufungulia ukurasa wa Google wenyewe uingilie hapo.

Gharama ya kukaa na barua zako nyumbani ni kwamba mwizi wa kipakatalishi anaondoka nazo. Thunderbird haizifungi kwa ufunguo wowote. Aliye na diski anasoma. Nywila ya kuwasha mashine inasaidia kidogo, kuifunga diski yote kwa usimbaji kunasaidia zaidi. Na kikikuponyoka kwenye matatu, usianze na kituo cha polisi. Azima simu ya mtu, ingia kwenye akaunti yako, toa kile kifaa kwenye orodha ya vifaa, badilisha nywila. OB utachukua baadaye.