Kabla ya Kuchimba Msingi, Uliza Jua Linapita Wapi



Kila niendapo matawini huulizwa habari za viwanja, za hati na za bei ya saruji. Ni maswali ya haki. Lakini liko jambo moja ambalo hakuna aniulizaye, nalo latutoa fedha mfukoni kila mwezi: nyumba mpya tunazozijenga ni za moto kama tanuru.

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilipewa nyumba mpya katika wilaya moja ya pwani. Kwa macho ilipendeza: matofali ya saruji, bati linalong'aa, sakafu laini. Wananchi walichanga, na akina mama walibeba mchanga kichwani. Lakini dirisha kubwa la chumba cha kulala lilitazama magharibi, na juu hapakuwa na dari. Ikifika saa kumi jioni ndani hapakaliki. Madaftari ya watoto niliyasahihisha chini ya mwembe mpaka giza likaingia. Nilipomwuliza fundi kwa nini hakuweka dari, alinijibu kwa upole, "Mwalimu, dari haimo kwenye ramani, na mkaguzi amepitisha." Alisema kweli. Nyumba ilikuwa halali, ila mtu hawezi kukaa ndani yake.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kibali cha ujenzi si kipimo cha nyumba njema. Kibali hukuambia usijenge vibaya kuliko hapa. Hakikuambii ukomee hapa. Sijapata kumwona mkaguzi aliyemwuliza mtu jua la jioni litaingia dirisha gani. Swali hilo ni letu wenyewe.

Tuanze na yale yasiyogharimu hata senti moja. Dar es Salaam iko kiasi cha digrii 7 kusini ya Ikweta, basi mchana jua huwa juu sana mwaka mzima, bali asubuhi na jioni huja chini chini na kupenya madirisha ya mashariki na magharibi. Kwa hiyo kuta ndefu na madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, ambako paa likitokeza kidogo tu latosha kuleta kivuli. Tena pepo zetu mbili, kusi na kaskazi, huja kutoka pande hizo au karibu nazo. Weka dirisha huku na dirisha kule, yatazamane, upepo upate pa kuingilia na pa kutokea. Kuigeuza nyumba kwenye karatasi ni kazi ya dakika tano. Kuigeuza ikiwa imesimama haiwezekani.

Yafuatayo yana gharama, lakini ndogo. Paa litokeze vya kutosha nje ya ukuta. Rangi ya paa iwe nyeupe au nyepesi, maana bati jeusi hunywa jua. Dari iwekwe tangu mwanzo, na juu yake paachwe matundu ya hewa ili joto la bati litoke nje, lisitushukie vichwani. Na ukinunua dirisha la kioo la kusukuma, kumbuka kwamba hufunguka nusu tu: umelipia dirisha zima, umepata upepo wa nusu.

Wazee wetu wa pwani waliyajua haya bila kwenda chuo. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe, wakazipaka chokaa nyeupe, wakaweka baraza mbele na uwanja nyuma. Sisi leo twashindana kuficha bati nyuma ya ukuta ili nyumba ionekane ya kisasa. Bati likifichwa hivyo, paa halitokezi tena, na ukuta mzima wabaki uchi juani. Kisha twakimbilia dukani kununua kiyoyozi.

Na tukipige hesabu hicho kiyoyozi. Bei ya nafuu ya umeme wa nyumbani, shilingi 100 kwa uniti, ni ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, uniti hupanda hata kufika shilingi 350, kodi na tozo mbali. Kiyoyozi cha chumba kimoja kikila uniti 5 kwa usiku, mwezi mmoja ni uniti 150. Feni ya watt 70 ikizunguka saa kumi kila usiku hula uniti 21 tu. Katika nyumba yenye dari na upepo, feni yatosha. Katika nyumba ya moto, feni hupeperusha joto tu.

Ndugu zetu wa Njombe, Makete na Lushoto watasema kwao shida ni baridi. Kanuni ni ile ile. Dari inayozuia joto kushuka pwani huzuia joto kupotea milimani. Mlango ukae sawasawa kwenye fremu, na dirisha la sebule litazame kaskazini, kwa sababu mwezi wa Juni, baridi inapouma, jua letu hupita upande huo.

Wako wasemao, "Sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115. Ya nini kubana umeme?" Bwawa ni fahari yetu, lakini halikuondoa deni la LUKU ya mtu. Na mgao wa mwaka 2023 hatujausahau. Umeme unaopotea kwa kupoza bati lisilo na dari ungeweza kuzungusha mashine ya kusaga au kuwasha taa ya zahanati.

Wako pia wasemao tungoje Serikali itunge sheria. Sheria tuiombe, tena madiwani wetu waisemee. Lakini tutazame wengine walivyofanya. Mwaka 1991 familia nne zilihamia nyumba mpya mjini Darmstadt, Ujerumani, zilizojengwa kwa kuta nene za kuzuia baridi kupita kiasi chochote kilichotakiwa na sheria ya kwao. Moto wa kupashia nyumba hizo ulikuwa kama moja ya kumi ya ule wa nyumba za kawaida. Mwaka 2010 ndipo Umoja wa Ulaya ulipoagiza kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2020 kila nyumba mpya iwe ya kutumia nishati kidogo sana. Wajenzi walitangulia, sheria ikafuata nyuma yao.

La mwisho ni la haki. Mwenye kujenga nyumba ya kupangisha huokoa fedha ya dari mara moja. Mpangaji hulipa ukosefu wa dari hiyo kila mwezi, miaka yote, na mtoto wake hulala akitoka jasho. Mwalimu na mganga wanaopewa nyumba za umma nao hawakuulizwa. Mwenye nyumba aliye mwanachama wetu asione fahari kwa faida ya namna hiyo.

Basi napendekeza jambo moja, nalo dogo. Kila tawi litakapojenga ofisi, na kila kijiji kitakapochangia nyumba ya mwalimu au ya mganga, ramani isomwe mkutanoni kabla ya mchanga kubebwa. Mtu mmoja asimame aulize: jua linaingia wapi, upepo unatokea wapi, na dari iko wapi? Fundi asipokuwa na jibu, arudi na ramani yake.

Akina mama wale waliobeba mchanga walistahili nyumba ambayo mwalimu wa watoto wao angeweza kufanyia kazi ndani.