Kilomita ndogo si gari zima

Wakenya tumerogwa na nambari moja. Mtu akiingia yadi kutafuta Subaru Impreza WRX, swali lake la kwanza ni: "Limetembea kilomita ngapi?" Akiambiwa 60,000 anatoa pesa. Akiambiwa 130,000 anaondoka.

Sisi tunaoandika programu tunajua odomita ya dijitali ni nini: nambari iliyohifadhiwa kwenye chipu. Kilichoandikwa huko chaweza kuandikwa upya. Kwa hivyo ilinganishe na kilomita zilizo kwenye cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani.

Na hata nambari ikiwa ya kweli, haitoshi. Injini ya EJ20 ina mkanda wa taiming unaobadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni hugonga vali na injini imekwisha. Turbo nayo huishi kwa oili safi. Basi gari la kilomita 130,000 lenye mkanda mpya na risiti za oili ni bora kuliko la 90,000 lisilo na karatasi hata moja. Hilo la pili mnauziwa pamoja na deni lake.

Kosa ni letu wanunuzi. Tukilipia nambari ndogo, tutauziwa nambari ndogo: aliyetunza gari anaumia, aliyerudisha odomita nyuma anatajirika. Tuanze kudai risiti zenye tarehe, kilomita na kazi iliyofanywa. Asiye nazo, mkateni bei ya mkanda, oili na ukaguzi wa turbo papo hapo.

Au mnaonaje, wasomaji?