Mwezi Uliopigwa kwa Makusudi

Bwana Mhariri,

Tangu NASA ya Marekani ilipoliangusha kwa makusudi, tarehe 9 Oktoba 2009, pande la roketi lenye uzito wa zaidi ya tani 2 katika shimo la Cabeus, karibu na ncha ya kusini ya mwezi, ili vumbi lidhihirishe kama humo mna maji, wapo waliohofu kwamba mwezi utadhurika. Hofu isiyo na msingi, maana vimondo huupiga daima.

Lakini suala la idhini ya kuupiga ni la haki: mkataba wa kimataifa wa 1967 umeufanya uchunguzi wa anga kuwa jambo la wanadamu wote, nasi ambao kwa hilali ya mwezi twafunga na kufungua saumu hatukushauriwa. Maji yalipatikana, na elimu hiyo naithamini kwa dhati. Hata hivyo nasaha yangu ni kwamba pigo lijalo litanguliwe na mashauriano mbele ya Umoja wa Mataifa.

Wako mtiifu,
Msomaji, Tanga