Orodha Iwe Orodha



Juma lililopita binti mmoja wa madrasa, anayejifunza kutengeneza kurasa za wavuti, alituonyesha kazi yake ya kwanza: fardhi za udhu, kila moja mstari wake, na kando yake nambari iliyochorwa kama picha. Tulimsifu. Kisha tukamfikishia mzee wetu asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti. Ikasoma maneno mfululizo, bila nambari. Mzee akauliza: "Mtoto asiyeona akisikia hivi, atajuaje kuwa uso hutangulia mikono?"

Hatukuwa na jawabu. Machoni ilikuwa orodha. Kwa simu yalikuwa maneno matupu.

Lugha ya HTML, inayojenga kurasa hizo, ina alama za orodha. Ol ni ya mambo yenye mpango, ul ni ya yasiyo na mpango, na kila kipengele hutiwa ndani ya li. Katika madhehebu yetu ya Shafii fardhi za udhu ni sita, na ya sita ni tartibu yenyewe. Basi hapo ni ol. Vitu vya kununua kwa ajili ya pilau ni ul, kwani bizari ikitajwa kabla ya mchele hapana kilichoharibika.

Enyi mnaoanza, jizoezeni haya. Kila alama mliyoifungua, ifungeni. Orodha ndogo iwekeni ndani ya li inayoihusu. Mistari ya ndani isogezeni hatua moja, kosa lionekane upesi. Rangi, nukta na nafasi ziwekeni katika faili yake ya CSS. Siku mkitaka kubadili kijani, mtabadili mahali pamoja, na kurasa zote zitafuata. Mwisho, upitisheni ukurasa katika ukaguzi wa W3C, ambao ni wa bure, kabla ya kuutoa kwa watu.

Binti aliandika upya. Safari hii simu ilitangaza kwanza kuwa ni orodha ya vipengele sita, kisha ikavihesabu kimoja kimoja. Mzee akatabasamu.

Mapambo ni mema, wala hatuyakatazi. Lakini kitu kwanza kiitwe kwa jina lake, ndipo kipambwe.

Wabillahi tawfiq.